Taa ya Chuma Chakavu

Mama alipojikwaa kwa ndama akaanguka, mimi nilikuwa nje napasua kuni, na kitu cha kwanza nilichosikia ni yeye akimtukana ndama. Nikajua hajavunjika, maana mtu aliyevunjika hana pumzi za kutukana. Nikaingia ndani nikipapasa. Ilikuwa alasiri, lakini nyumba yetu ya Endagikot, Mbulu, marehemu baba aliijenga kwa ajili ya baridi, si kwa ajili ya watu kuonana: madirisha mawili madogo kama madaftari, na ukuta mnene ambao hata habari mbaya hupata shida kupenya. Nilimkuta amekaa chini, goti limechubuka, kibuyu cha maziwa kimepasuka mapajani mwake. Alichokuwa akikisikitikia ni kibuyu.

Kosa langu lilikuwa kumweleza mdogo wangu. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi Babati, na ana adabu kiasi kwamba hata akitaka kunigombeza huanza na shikamoo. Alinipigia simu, akaniamkia, akasubiri niitikie marahaba, kisha akanieleza kwa muda wa vocha nzima kwamba mama ana miaka themanini na ushee, anaishi gizani na ng'ombe, na mtoto wake wa kiume yupo hapohapo anaangalia. Mwisho wa mwezi wa sita angekuja na gari kumchukua. Babati kuna umeme, kuna joto, na ng'ombe hawalali sebuleni. Kama nilitaka mama abaki, basi siku akifika akute taa inawaka ndani ya nyumba ile.

Nikamwambia mama hawezi kuishi mbali na nyumba yake. Nilisema kwa sauti, ili na mama asikie namna ninavyompigania. Mama alikuwa anachambua maharage karibu na jiko. Hakusema kitu, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni shukrani.

Sasa ni lazima niseme ukweli wangu mapema, ili msomaji asije kunidhania mtu mwema kupita kiasi. Mke wangu alifariki, watoto wako Arusha na maisha yao, na mimi nilikuwa nimestaafu ualimu. Katika nyumba ile tulikuwa mama, mimi, ng'ombe wanne na ndama. Mama akiondoka, ningebaki naongea na ndama. Niliogopa sana. Lakini mwanaume wa miaka sitini na moja hawezi kumwambia mdogo wake kwamba anaogopa kubaki peke yake, kwa hiyo nikamwambia nitatengeneza umeme.

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Mtu atauliza kwa nini sikununua sola kama watu wengine. Sola ilikuwepo, mdogo wangu mwenyewe aliileta. Lakini Mbulu kuanzia mwezi wa tano ukungu unashuka na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, na taa ile ilikuwa ikiwaka muda wa kusonga ugali tu, ikazimika kabla ya kula. Halafu mama akaihamishia kwa ndama, akisema yule ndiye anayekanyagwa. Nguzo za umeme nazo zilikuwa zimefika ng'ambo ya bonde, na zamu yetu ilikuwa bado. Jioni tulikuwa tunaziona taa za wenzetu, tunawasema.

Na zaidi ya hayo, mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi. Kwa miaka thelathini na sita nilichora dainamo ubaoni kwa chaki: sumaku hapa, koili ya waya pale, mshale wa kuzunguka, taa inawaka. Nilichora vizuri mno. Wakaguzi walikuwa wananisifu kwa mchoro ule. Dainamo yenyewe sikuwahi kuishika hata siku moja, ila hilo hakuna mkaguzi aliyeuliza.

Nikapanda basi kwenda Katesh, kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa chuma chakavu, Mwislamu mtaratibu mwenye kofia safi katikati ya uchafu wote ule. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka. Nilimchorea dainamo yangu kwenye vumbi mbele ya duka, nikamfundisha somo zima, karibu nimwambie anyooshe kidole. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akaniuzia kitovu cha gurudumu la mbele la baiskeli, waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua ya mashine ya kusaga, springi iliyovunjika ya gari kubwa, na birika lisilo na kitako. Mpaka leo sijui lile birika nililinunua kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu hakucheka.

Sumaku nilipanga kuzitengeneza mwenyewe. Za kununua zingetoka wapi? Nilijua chuma kigumu cha springi hushika usumaku vizuri kuliko msumari wa kawaida, kwa hiyo nikaibeba ile springi mpaka kwa mhunzi, kwenye tambarare chini ya mlima Hanang, ambako wafugaji hupeleka mikuki na visu vyao. Nilimwomba anikatie vigingi kumi na viwili, kila kimoja chenye kichwa bapa upande mmoja na ncha upande wa pili, mfano wa jembe, ili vikae kwenye ubao. Alifanya kazi nzuri. Wakati wa kunikabidhi akaniambia nisivirudishe motoni, maana yeye ameshavipa ugumu wake na moto utauondoa. Aliniambia mara mbili. Nikamjibu, kwa ule ukali wangu wa darasani, kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi. Mhunzi akainamisha kichwa, akaendelea na kazi yake.

Kazi ya kuvipa usumaku niliifanya uani. Niliviringisha waya kwenye kipande cha bomba, nikaingiza kigingi kimoja kimoja ndani, nikagusisha ncha za waya kwenye betri ya pikipiki niliyoazima kwa kijana wa bodaboda. Cheche zikaruka, kuku wakakimbia. Nilipotoa kigingi cha kwanza nikakisogeza kwenye misumari, misumari ikainuka ikakifuata. Niliruka juu peke yangu uani. Miaka thelathini na sita nilikuwa nawaambia watoto kwamba jambo hili hutokea, na sasa lilikuwa limetokea, nami nikashangaa kana kwamba niliyewaambia ni mtu mwingine.

Mama naye alizipenda zile sumaku. Alichukua moja akaipitisha kwenye nyasi za pale anaposhonea vikapu, ikatoka na sindano mbili na pini moja, mali iliyopotea tangu baba yupo hai. Akaniambia hiyo inatosha, niache mengine. Nikamwambia angoje aone taa. Akaniuliza taa hiyo nitaiweka upande gani, wake au wangu. Nikamwambia katikati, itatumulika sote wawili. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vikapu vyake.

Ubao nilikuwa nimeuchonga mviringo kutoka gogo la mkaratusi, nikaufunga kwenye kile kitovu cha baiskeli. Nikatoboa matundu kumi na mawili pembeni. Matundu yakawa membamba. Vigingi vikagoma kuingia, na kuvigonga kwa nyundo sikutaka, kwa kuwa sumaku ikigongwa inapoteza nguvu. Hilo nililikumbuka vizuri, na nilijipongeza kwa kulikumbuka.

Sasa, kwetu sisi, mtu akitaka kutia mpini kwenye jembe au kisu, hana haja ya kuhangaika na tundu. Anaichoma ile ncha motoni mpaka iwe nyekundu, anaisukumiza kwenye mti, mti unalia, moshi unatoka, chuma kinajichimbia nyumba yake chenyewe. Kisha anamwaga maji. Mpini uliochomewa hivyo hautoki mpaka ufe. Baba alinifundisha nikiwa na miaka saba, na mikono yangu imefanya hivyo kwa kila jembe nililowahi kumiliki. Siku ile mikono iliendelea na kazi yake, na kichwa kikakaa pembeni kinaangalia. Niliwasha moto mkubwa, nikavitia vigingi vyote kumi na viwili ndani ya makaa, vichwa na ncha, vikawa vyekundu vizuri, nikavishika kwa koleo nikavichomea kimoja baada ya kingine. Harufu ya mkaratusi ikajaa uani. Majirani wawili waliopita wakasimama kuangalia, wakasifu kwamba hiyo sasa haitoki. Mama alikuwa anavimwagia maji. Nilijisikia fundi hasa.

Basi nikakata mapanga ya kuzungushwa na upepo kutoka kwenye pipa la mafuta lililooza, nikaufunga mtambo wote juu ya nguzo nyuma ya nyumba, nikaweka koili mbele ya vigingi, nikavuta waya mpaka ndani, kwenye vitaa viwili vya tochi nilivyovitundika katikati ya nyumba. Siku hiyo upepo ulikuwa mzuri. Mapanga yakazunguka kwa kelele mpaka ng'ombe wakagoma kurudi nyumbani. Nikakimbilia ndani.

Giza.

Kwa siku nne nilimshuku kila mtu. Nilishuku waya, nikaufungua wote nikauviringisha upya. Nilishuku vitaa. Nilimshuku mzee wa Katesh, mtu wa watu, nikamtuhumu moyoni kwamba ameniuzia shaba ya uongo. Nilimshuku mbuzi wa jirani. Nilipiga ndoo teke, na ndoo ilikuwa imejaa, nikachechemea siku mbili, tukawa wawili tunaochechemea katika nyumba moja. Mama alinishauri nipumzike. Nikamjibu vibaya, nikaomba radhi, kesho yake nikamjibu vibaya tena. Siku zilikuwa zinakwisha. Kila nilipoangalia kalenda nilimwona mama ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari, anaondoka.

Mdogo wangu akafika siku aliyosema, asubuhi, ndani ya ukungu mzito na bila upepo hata wa kutikisa unyasi. Akaniamkia. Akamwamkia mama, akamkagua goti. Akaingia ndani, akatazama vitaa vyangu vilivyokufa. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya mtambo akiwa ameshika kiuno. Niliushusha ili aone kwamba angalau nilijaribu. Akainama, akaokota msumari, akaugusisha kwenye kigingi. Msumari ukaanguka. Akajaribu cha pili, cha tatu, vyote kumi na viwili. Msumari ukaanguka mara kumi na mbili.

Akaniuliza vigingi hivi niliviingizaje kwenye ubao. Nikamwonyesha kwa fahari, maana sehemu ile ndiyo pekee niliyokuwa na hakika nayo. Nikaeleza moto, nikaeleza makaa, nikaeleza mti unavyolia. Nilikuwa katikati ya maelezo niliposikia maneno yangu mwenyewe, nikanyamaza.

"Kaka," akasema, "unakumbuka darasa la sita? Uliuliza mambo mawili yanayoifanya sumaku ipoteze nguvu. Nikataja kugongwa. La pili nikasahau. Ukanichapa fimbo mbele ya darasa zima, mimi mdogo wako, ili wasiseme unanipendelea."

Nilimwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri sana.

"La pili lilikuwa moto," akasema. "Tangu siku ile sijalisahau."

Mganga hajigangi, akaongeza, na hapo akaanza kucheka. Alicheka ameegemea nguzo, alicheka amechuchumaa, akaenda kumweleza mama, mama naye akacheka akiwa ameshika goti lake bovu. Nilikasirika kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai. Halafu kicheko kikanishika na mimi, nikakaa chini kwenye majivu ya moto ule ule ulioniangamiza.

Nilifikiri hadithi imeishia hapo na kwamba angeanza kupakia vitu vya mama. Badala yake alifungua boneti ya gari lake. Akasema betri ya gari ina nguvu kuliko ya pikipiki, na kwamba maji tuliyoyamwaga siku ile huenda yalikirudishia chuma sehemu ya ugumu wake. Alikuwa mwanafunzi mzuri, nilichapa mtu asiyestahili. Tukaipitisha koili kwenye kila kichwa cha kigingi, mimi nimeshika ubao, yeye anagusisha waya, cheche zinaruka, anahesabu kwa sauti ya darasani kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Mara moja nilikosea upande, akanisimamisha kwa kidole. Mpaka saa nane vigingi vyote vilikuwa vinashika msumari. Havikuwa na nguvu kama mwanzo, lakini vilishika.

Tukaupandisha mtambo. Upepo hakuna. Mapanga yakaning'inia kwenye ukungu yakidondosha maji. Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikaanza kuyazungusha kwa mikono, kwa nguvu zangu zote, mwalimu mstaafu juu ya ngazi, koti linapepea. Mdogo wangu akaingia ndani. Nikauliza kwa sauti kama inawaka. Akajibu inakonyeza. Nikaongeza nguvu. Akajibu sasa inawaka. Nikashuka ngazi mbio nikaingia ndani, nikakuta giza, maana aliyekuwa anazungusha nimeshuka. Nikapanda tena. Nikashuka tena. Mara ya tatu mdogo wangu alitoka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaniambia niingie ndani nikae kama mtu mzima, atazungusha yeye.

Niliingia nikakaa kwenye kigoda mkabala na mama. Kwanza kulikuwa na kelele tu za mapanga. Kisha vitaa viwili vikakonyeza, vikazima, vikakonyeza, halafu vikashika. Ulikuwa mwanga hafifu unaotetemeka, ambao fundi yeyote wa mjini angeuonea aibu. Lakini niliuona uso wa mama. Ndani ya nyumba ile, mchana ule, niliona mikunjo yake yote, na nilimwona ananitazama. Nikageuka pembeni ili nisilie, na hapo nikauona mzigo.

Ulikuwa ukutani, nyuma ya kitanda chake, shuka jekundu limefungwa mafundo mawili imara, na juu yake viatu vyake vya kanisani vimepangwa sawasawa. Vumbi lilikuwa limeshaanza kukaa kwenye viatu. Nilikuwa nimepita hapo kila siku, mara kumi kwa siku, bila kuona kitu.

Mdogo wangu akaacha kuzungusha, akaingia akihema, akasema haya kaka, nimeshindwa, mama abaki nyumbani kwake. Nikamuuliza mama ule mzigo ni wa nini.

Akasema ni nguo zake. Alizifunga siku ile ile ya simu, wakati mimi naongea kwa sauti na yeye anachambua maharage. Alisema magoti yake yamechoka na baridi hii miaka mingi, na Babati ana wajukuu ambao hawajawahi kula ugali wa mkono wake. Alisema hakuna aliyemuuliza. Alikuwa anazungumza taratibu, bila lawama, kama mtu anayeeleza njia.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza. "Miezi miwili yote hii, mama."

"Ningekuachaje gizani peke yako?" akasema. "Sasa una taa. Naweza kwenda."

Mdogo wangu akatoka kwenda kufunga boneti. Niliumia, sitaki kusema uongo, niliumia kuliko siku ya ndoo, na nilitamani kupanda ile ngazi nikaung'oe mtambo wote kwa mikono. Halafu nikauchukua mzigo wa mama, nikapangusa vumbi kwenye viatu vyake kwa mkono wa shati, nikamshika kiwiko ili asijikwae, tukatoka nje.